Adrian Atiman: Amani ya Mtu Asiyerudi Kwao



Mapadre na makatekista wa parokia zetu za Karagwe na Kyerwa hulisikia swali moja mara nyingi. Halisemwi kanisani. Husemwa nyumbani, siku chache baada ya mazishi, wageni wakishaondoka na vyombo vya watu vikisharudishwa. Mtu hukaa kimya, kisha anauliza: amani nitaipata wapi mimi?

Wanaouliza wana sababu. Yuko mama aliyebaki na watoto wanne, na mdogo bado ananyonya. Yuko mzee aliyeachiwa migomba na baba yake, akaitunza miaka arobaini, kisha mnyauko ukaimaliza mbele ya macho yake. Wako watu wazima wengi waliolelewa na bibi kwa sababu hawakubahatika kuwajua wazazi. Mkoa wetu wa Kagera ndio uliokuwa wa kwanza nchini kutambua wagonjwa wa UKIMWI, mwaka 1983, wakati makovu ya vita ya 1978 na 1979 yalikuwa bado mabichi. Tena mwaka 1994 Karagwe ya wakati ule, ambayo ndani yake ilikuwamo Kyerwa ya leo, ilipokea wakimbizi wengi kutoka Rwanda, watu walioacha nyuma nyumba na makaburi. Kwa hiyo swali hilo kwetu si geni.

Tumezoea kujibu kwa methali: baada ya dhiki faraja. Ni methali njema. Lakini ina shida moja kwa yule anayeteseka, kwa kuwa inamfundisha angoje. Angoje dhiki ipite, ndipo atakapopumzika. Je, kama dhiki yenyewe ni ya namna isiyopita? Aliyefiwa na mama hatarudishiwa mama. Mtu wa namna hiyo angoje nini?

Ndiyo sababu safari hii tumechagua kuwasimulia maisha ya Adrian Atiman, tabibu na katekista wa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Alipoteza akiwa mtoto mdogo kila kitu ambacho mtoto anaweza kupoteza, na hakurudishiwa. Hata hivyo alikufa mzee wa miaka tisini hivi, akiwa mtu wa amani, na watu waliotibiwa kwa mikono yake hawakuhesabika.

Mtoto wa Mto Niger

Atiman alizaliwa mnamo mwaka 1866 mahali panapoitwa Tundurma, kando ya Mto Niger, karibu na mji wa Timbuktu, katika nchi ambayo leo inaitwa Mali. Mwaka tunausema kwa kukadiria, kwa maana hakuna aliyeandika siku aliyozaliwa. Alikuwa na baba na mama, ndugu na marafiki wa kucheza nao, kama mtoto yeyote wa kijiji.

Siku moja akatekwa. Waliomteka walikuwa Watuareg, watu wa jangwani waliojua njia zote za mchanga. Mtoto alikuwa bado hajafikia umri wa kujitetea. Aliuzwa, akaingizwa katika msafara wa watumwa, akavushwa Jangwa la Sahara kuelekea kaskazini.

Anayeijua Sahara kwa kuisoma tu shuleni hawezi kuelewa maana ya safari ile. Ni majuma na majuma ya mchanga, jua kali mchana na baridi kali usiku, na maji ya kupimiwa. Mtumwa aliyechoka aliachwa njiani. Mtoto kutoka kwenye mto mkubwa wenye samaki alijikuta akitembea mahali ambapo maji yalikuwa na thamani kuliko yeye.

Tusidhani kwamba hayo yalikuwa mambo ya mbali na nchi yetu. Katika miaka ile ile biashara ya watumwa na ya pembe za ndovu ilikuwa imeshamiri huku Afrika Mashariki. Njia ya misafara kutoka Tabora kwenda Buganda ilipita Karagwe, na wafanyabiashara Waarabu walikuwa na kituo chao Kafuro. Mwingereza John Hanning Speke alipofika kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1861, njia hiyo ilikuwa imekwisha kuzoeleka. Kwa hiyo wazee wetu waliishi kando ya njia ya misafara, na wapo walioona kwa macho yao mambo ambayo Atiman aliyapata mwilini mwake.

Mwisho wa safari ile ulikuwa Metlili, katika Algeria. Hapo walikuwapo wamisionari wa shirika changa lililoanzishwa na Askofu Mkuu Charles Lavigerie wa Algiers mwaka 1868, yaani Wamisionari wa Afrika, ambao watu wetu waliwaita Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao. Wamisionari hao walikuwa na desturi ya kuwakomboa watoto watumwa kwa fedha. Walimwona Atiman, wakamlipia, wakamchukua. Alikuwa na umri wa miaka kumi hivi.

Hapa tuseme ukweli wote. Kukombolewa kulimtoa utumwani, lakini hakukumrudisha Tundurma. Kati yake na mama yake kulikuwa na jangwa lote lile, na hakuna aliyejua namna ya kumvusha tena. Mtoto alikuwa huru, na alikuwa yatima wa wazazi ambao pengine walikuwa bado hai, wakimlilia. Huzuni ya namna hiyo haina tanga wala haina arobaini. Wale miongoni mwetu waliopotelewa na ndugu wakati wa vita, wasijue kama yu hai au amekufa, wanaielewa.

Malta

Lavigerie, ambaye mwaka 1882 alifanywa Kardinali, alikuwa na wazo ambalo kwa siku zile lilikuwa la ajabu. Alisema moyoni kwamba Afrika haitaongolewa na wageni peke yao. Inahitaji Waafrika wenyewe. Tena alitaka baadhi yao wawe matabibu, kwa kuwa aliamini kwamba mgonjwa humfungulia mganga mlango ambao mhubiri anaukuta umefungwa. Matabibu hao hawakukusudiwa kuwa mapadre wala watawa. Walikusudiwa kuwa walei, waoe, wawe na nyumba na watoto, waishi kati ya watu, na kila mmoja awe daktari na katekista kwa pamoja.

Kwa ajili hiyo alifungua chuo katika kisiwa cha Malta mwaka 1881, na vijana waliokombolewa utumwani wakapelekwa huko kusoma udaktari. Atiman alikuwa mmoja wao. Alibatizwa mwaka 1882, akapewa jina la Adrian. Kijana aliyekuwa bidhaa sokoni sasa aliketi darasani akijifunza mifupa, damu, homa na dawa.

Waseminari wasomaji wetu wanajua kwamba miaka ya masomo si lelemama. Unafundishwa kwa lugha ya kigeni, unakula chakula usichokizoea, na nyumbani ni mbali. Ninyi mnapata likizo, mnarudi kwenu Nkwenda au Kaisho au Bugene, mama anakutazama kama umekonda. Adrian hakuwa na pa kwenda likizo. Wala si wote walioanza mpango ule wa Malta waliofika mwisho wake kama ilivyotarajiwa. Wako walioshindwa na wako waliochagua njia nyingine, na chuo chenyewe baadaye kilifungwa. Mtu hawezi kulazimishwa kuwa mtumishi kwa sababu tu alisaidiwa. Adrian alimaliza mwaka 1888, akakubali kutumwa.

Mwaka huo ulikuwa mwaka mkubwa katika vita dhidi ya utumwa. Mwezi Mei Papa Leo XIII aliwaandikia maaskofu wa Brazil barua juu ya kukomeshwa kwa utumwa, na kuanzia Julai Kardinali Lavigerie alizunguka Paris, London na miji mingine akiwaeleza watu wa Ulaya yanayotendeka barani Afrika. Kardinali alihubiri juu ya watumwa mbele ya wakubwa. Adrian, aliyekuwa mtumwa, alifunga mizigo yake ya dawa akaelekea mahali ambapo biashara ile ilikuwa bado inaendelea.

Safari ya Karema

Msafara wake uliingia nchini kutoka pwani mwaka 1888. Wakati ule pwani ilikuwa inawaka moto, maana upinzani wa Abushiri dhidi ya Wajerumani ulikuwa umeanza. Waliokwenda bara walitembea kwa miguu zaidi ya kilomita 1,000, kupitia nyika, mito, njaa na homa. Wamisionari wengi wa siku zile walikufa njiani au muda mfupi baada ya kufika.

Fikirini jambo hili. Mtu aliyevushwa jangwa kwa nguvu alipokuwa mtoto, sasa ni kijana wa miaka ishirini na miwili hivi, na anatembea tena kwa miguu katika msafara, safari ya majuma na majuma. Ila mara hii hakuna aliyemfunga. Anakwenda kwa hiari yake. Wenye msafara wa kwanza walimpeleka mahali pa kuuzwa, na wa pili walimpeleka mahali pa kujitoa. Miguu ilikuwa ile ile.

Mwanzoni mwa mwaka 1889 alifika Karema. Mahali hapo, leo katika Mkoa wa Katavi, Wabelgiji wa Shirika la Kimataifa la Afrika walikuwa wamejenga ngome mwaka 1879, na mwaka 1885 wakawaachia Mapadre Weupe. Shirika hilo hilo la wamisionari ndilo lililoleta imani kwetu pia: walipofukuzwa na machafuko ya Buganda mwaka 1892, walivuka wakaanzisha misioni ya Kashozi, na kutoka huko Injili ikaenea hadi milima yetu. Kwa namna hiyo sisi na watu wa Karema tu ndugu wa nyumba moja.

Adrian alifika akiwa mgeni kamili. Rangi yake ilikuwa kama ya wenyeji, lakini lugha zao hakuzijua, wala wao hawakuwahi kusikia habari za Tundurma. Kwa wazungu alikuwa Mwafrika. Kwa Waafrika alikuwa mtu aliyekuja na wazungu. Mtu anaweza kuzeeka akiwa katikati namna hiyo, bila kuwa wa huku wala wa kule. Yeye aliamua kuwa wa Karema. Alioa binti wa chifu wa Wabende, jina lake Agnes Wansahira. Akajenga nyumba. Hakuondoka tena.

Aliyemkuta kule

Kitu cha kwanza alichokikuta Adrian kando ya ziwa kilikuwa kile kile alichokimbia. Katika miaka ile Rumaliza wa Ujiji alikuwa na nguvu kubwa ziwani, na vijiji vya pande zote mbili vilivamiwa. Upande wa magharibi Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyewahi kuwa askari wa Papa, alikuwa akiwalinda watu dhidi ya wavamizi. Misheni ya Karema ilipokea watoto waliokombolewa utumwani: wachanga, wagonjwa, wenye vidonda, wasiojua kwao ni wapi.

Tukisoma maisha yake, hapa ndipo tunapaswa kusimama kidogo. Yule daktari kijana aliyeinama kumsafisha mtoto kidonda alikuwa anamtazama yeye mwenyewe wa miaka ya nyuma. Wamisionari waliwahurumia watoto wale, na huruma yao ilikuwa ya kweli. Lakini yeye alizijua hofu zao kutoka ndani. Alijua mtoto anaota nini usiku.

Mtu aliyeumizwa ana njia nyingi mbele yake. Anaweza kulea chuki. Anaweza kufunga moyo asiguswe na machozi ya mwingine kwa kuwa yake hayakufutwa na mtu. Anaweza pia kukimbia kila kinachomkumbusha. Adrian alikaa palepale panapouma, akapageuza kuwa mahali pa kazi. Hatuwezi kuingia moyoni mwake na kusema siku gani amani ilimjia. Ila mti hutambulika kwa matunda yake, na matunda yalikuwa miaka 67 ya kutibu watu.

Miaka sitini na saba

Ndiyo, miaka 67, tangu 1889 hadi 1956, katika mahali pamoja. Hebu tupime maana yake. Alianza kutibu kabla serikali ya Wajerumani haijafika ziwani. Ndui ilipita akiwapo. Funza waliingia kutoka magharibi wakakata vidole vya watu, akiwapo. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe na kuacha njaa. Mwanzoni mwa karne ya ishirini ugonjwa wa malale ulishika pwani za Ziwa Tanganyika na kuhamisha vijiji vizima. Vita Kuu ya Kwanza ilipiganwa mpaka juu ya maji ya ziwa hilo. Mwaka 1918 ikaja homa kali ya mafua iliyoizunguka dunia. Wajerumani waliondoka, Waingereza wakaja. Yeye alikuwa bado Karema na mkoba wake.

Aliwatibu watu wa kila namna, wamisionari na wanakijiji, Wakristo na wasio Wakristo. Dawa za hospitali zilifika kwa shida, na mara nyingine hazikufika, hivyo alijifunza pia kutoka kwa wenyeji, wala hakuzidharau dawa za miti za huko. Kwa siku nyingi hakukuwa na daktari mwingine karibu. Sisi wa leo tunaolalamika, na pengine kwa haki, juu ya njia ya kumfikisha mjamzito hospitali ya Isingiro au Nyakahanga wakati wa masika, tufikirie nchi ya kilomita mia kadhaa yenye tabibu mmoja tu.

Pamoja na hayo yote alikuwa katekista. Alifundisha dini kwa maneno, lakini watu walimsoma kwanza kwa matendo. Hapa kuna somo kwa makatekista wetu wa vigango, wanaofanya kazi kubwa kwa posho ndogo au bila posho: huyu mtu, ambaye leo tunamkumbuka kuliko wengi waliokuwa na vyeo, alikuwa mlei, mume wa mtu, baba wa familia. Hakuwahi kuvaa stola.

Aliyeivaa ni mwanawe. Adrian na Agnes walijaliwa mtoto waliyempa jina la Yosefu, na Yosefu akaingia seminari, akapewa daraja takatifu ya upadre mwaka 1923, akiwa miongoni mwa mapadre Waafrika wa mwanzo katika nchi ile. Kila anayeijua Biblia analikumbuka jina hilo. Yosefu mwana wa Yakobo aliuzwa na ndugu zake kwa wafanyabiashara wa msafara, akapelekwa nchi ya ugeni, na huko ugenini akawa mponyaji wa njaa ya wengi. Lakini Yosefu wa Biblia mwishoni alimwona tena baba yake, akamkumbatia. Atiman hakupewa hilo. Alichopewa ni kupiga magoti mbele ya mtoto wake mwenyewe na kupokea baraka ya kwanza ya padre mpya. Mtoto aliyenyang'anywa baba akawa baba wa padre.

Alisimulia habari zake mwenyewe, na masimulizi hayo yalichapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Alipata pia nishani kwa utumishi wake. Hata hivyo hakuhama kwenda mahali pa starehe. Aliendelea na wagonjwa wake hadi nguvu zilipomwishia, akafariki mwaka 1956, miaka mitano kabla ya Uhuru wa Tanganyika. Alizikwa Karema, mbali sana na Mto Niger, kati ya watu ambao kwao alikuwa ndiye babu wa kijiji.

Jina lake halikupotea. Hospitali ya Jimbo la Sumbawanga inaitwa kwa jina la Dkt. Atiman, na nyumba ya Wamisionari wa Afrika jijini Dar es Salaam inaitwa Atiman House. Wapo wanaolitaja jina hilo kila siku wakielekezana njia, bila kujua kwamba lilikuwa jina la mtoto aliyewahi kuuzwa.

Tunajifunza nini?

Kwanza, amani ya Mkristo si malipo ya kile tulichopoteza. Tungependa iwe hivyo: Mungu arudishe, ndipo tutulie. Mara nyingine anarudisha kweli, nasi tunashukuru. Lakini Bwana wetu Yesu Kristo mwenyewe, alipofufuka na kuwapa wanafunzi wake amani, aliwaonyesha mikono na ubavu, na madonda yalikuwa bado yapo. Hakuyafuta. Amani yake na madonda yake vilisimama pamoja mbele yao. Anayengoja kidonda kitoweke kabisa ndipo awe na amani anaweza kungoja maisha yake yote. Adrian Atiman hakungoja.

Pili, imani haikumkataza kujua ukweli wa maumivu yake. Katika misiba yetu tuna tabia ya kumnyamazisha anayelia: usilie, ni mapenzi ya Mungu. Tuwe waangalifu. Kumteka mtoto hakukuwa mapenzi ya Mungu. Ilikuwa dhambi ya watu. Kanisa lilipaza sauti kuilaani. Mungu hakuutuma msafara ule wa jangwani, ila hakumwacha mtoto yule ndani yake. Tofauti hiyo ni kubwa, na wale mnaojiandaa kuwa mapadre mtaihitaji siku ya kwanza mtakaposimama mbele ya jeneza la mtoto.

Tatu, Mungu alimpa faraja kwa kupitia watu wenye mikono na fedha na muda. Mtu alimlipia. Mtu alimfundisha kusoma. Mwanamke alikubali kuanzisha naye nyumba. Kijiji kilimpokea. Yatima wa Karagwe na Kyerwa waliokua na kuwa walimu, wauguzi na mapadre wanajua majina ya shangazi na bibi waliouza debe la kahawa ili wao wapate sare ya shule. Tunaposema Mungu ni mfariji, tusisahau kujiuliza ni nani katika Jumuiya yetu Ndogo Ndogo anayetungoja sisi tuwe mikono ya Mungu huyo.

Nne, na pengine hili ndilo gumu kuliko yote: kidonda kinaweza kuwa wito. Si kila anayeumia anapaswa kuwa mganga wa wengine, na aliye bado katika kilio cha kwanza aachwe alie. Lakini inafika siku ambapo aliyezika anamwendea mwingine aliyezika jana, anakaa naye kwenye mkeka, na hahitaji kusema mengi. Mjane humwelewa mjane. Aliyekulia kwa bibi humwelewa mtoto aliyeletwa jana kwa bibi akiwa na mfuko mmoja wa nguo. Katika kuinama huko juu ya kidonda cha mwenzake, watu wengi wameshuhudia kwamba chao kimepungua ukali.

Kwa hiyo yule mama aliyebaki peke yake jioni ile tusimwendee na ahadi kwamba kila kitu kitarudi kama zamani. Hakitarudi, naye anajua. Tumwendee na habari ya kweli: kwamba Kristo yumo ndani ya nyumba hiyo yenye pengo, na kwamba maisha yanayoonekana yamekatwa yanaweza bado kuwa maisha ya kuwafaa wengi. Kisha tuinuke tumsaidie kupalilia shamba.

Tuombe. Ee Mungu Baba yetu, uliyemtunza mtumishi wako Adrian jangwani na ugenini, uwaangalie wote katika wilaya zetu waliopoteza wapendwa wao na wasiojua pa kuupeleka moyo. Uwape amani ambayo dunia haiwezi kuwapa wala kuwanyang'anya. Utuamshe sisi tuwe faraja yao. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.